Nani alizipima terawati 280? Eksirei za mbano wa plazima na vyombo vinavyozisoma

Swali: Nasoma fizikia mwaka wa pili. Nimekutana na maelezo kwamba mashine iitwayo Z, iliyoko Marekani, hutoa eksirei zenye nguvu ya mamia ya terawati, yaani kuzidi mitambo yote ya umeme duniani ikijumlishwa. Mambo mawili yananitatiza. Nishati hiyo yote inatoka wapi? Na ni chombo gani kinachoweza kukaa mbele ya mlipuko wa namna hiyo kisha kikatoa namba ya kuaminika?

Jibu:

Nianze na sehemu ya pili ya swali lako, kwa sababu ndiyo ambayo wengi huiruka. Hakuna chombo hata kimoja kilichowahi kuonyesha "terawati 280" kwenye kioo chake, namba inayotajwa kwa mashine hiyo ya Z. Chombo kimoja kilitoa jumla ya nishati iliyotoka, kingine kikachora jinsi eksirei zilivyopanda na kushuka kwa wakati, na namba unayoisoma ikapatikana pale mchoro wa pili ulipopimwa kwa jumla ya kwanza. Ndiyo maana watafiti walipoitangaza mwaka 1998 waliiandika na mkia wake: terawati 280, ongeza au punguza 40. Anayekunukulia 280 bila ile 40 amekupa nusu ya habari. Nitarudi hapo, lakini kwanza tuone eksirei zenyewe zinavyozaliwa, maana ukishajua zinavyozaliwa utajua pia kwa nini zinapimika kwa shida.

Wati si kipimo cha nishati bali cha kasi ya kuitoa, na terawati moja ni wati trilioni moja. Mashine ya Z iko Albuquerque, New Mexico, katika Maabara za Taifa za Sandia. Ilipogeuzwa kwa kazi hii mwaka 1996, kapasita zake zilihifadhi megajouli 11.4. Hiyo ni nishati ambayo birika la umeme la kilowati mbili huitumia kwa takriban saa moja na nusu. Hakuna muujiza hapo. Ajabu iko katika muda: sehemu ya nishati hiyo, megajouli 1.8 hivi, ilitoka kama eksirei kwa nanosekunde chache tu. Gawanya nishati ndogo kwa muda mdogo kupita kiasi, upate namba kubwa kupita kiasi. Dunia nzima huzalisha umeme kwa wastani wa terawati tatu na kitu, saa zote, mwaka mzima. Mashine ya Z huipita dunia kwa kitambo kifupi mno, kisha mafundi huingia kusafisha mabaki na kufunga vifaa vipya, kwa sababu kile kilichokuwa katikati hakipo tena. Kwa kawaida mashine hupigwa mara moja kwa siku.

Kazi ya mashine nzima, basi, ni kufupisha muda. Kuna makundi 36 ya kapasita yaliyopangwa kwa mtindo wa Erwin Marx: zinachajiwa sambamba, zinatoa chaji zikiwa mfululizo, na hivyo volti zinajumlishwa. Umeme unaotoka hapo huchukua karibu mikrosekunde moja, muda mrefu mno kwa kazi hii. Kwa hiyo unamiminwa kwenye kapasita za maji safi yaliyoondolewa chumvi, unafunguliwa kwa swichi za gesi zinazowashwa na leza ili matawi yote 36 yaende pamoja, unabanwa tena kwenye njia za maji, na mwishowe unaingia kwenye ombwe la katikati ukiwa umefinywa hadi nanosekunde 100 hivi. Mkondo unaofika hapo ni karibu ampea milioni 20. Baada ya mashine kufanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2007, ulifika milioni 26.

Sasa mbano wenyewe. Mkondo unaopita kwenye kipitishi hujizungushia uga wa sumaku, na uga huo hukisukuma kipitishi kuelekea ndani. Mwaka 1905, Pollock na Barraclough wa Sydney walichunguza bomba la shaba lililokuwa kinga ya radi kwenye kiwanda cha mafuta ya taa huko Hartley Vale, Australia. Radi ilikuwa imelipiga, na bomba likafinyangwa kuelekea ndani pande zote kama lililokamatwa na koleo. Walieleza kwamba kilicholifinya ni kani ya sumaku ya mkondo wa radi yenyewe. Katika Z kanuni ni ile ile, namba ndizo zinazotisha. Ampea milioni 20 zikipita kwenye silinda yenye nusukipenyo cha sentimita 2 huzaa uga wa tesla 200, wenye shinikizo la angahewa zaidi ya 150,000. Silinda ikishafinywa hadi nusukipenyo cha milimita 1, uga hufika tesla 4,000 na shinikizo huwa la angahewa milioni 60 na zaidi. Fanya hesabu mwenyewe: uga B ni μ₀I gawanya kwa 2πr, ambapo I ni mkondo, r ni nusukipenyo na μ₀ ni kipeo kisichobadilika cha sumaku katika ombwe, na shinikizo ni B mraba gawanya kwa 2μ₀. Hakuna chuma kinachostahimili hayo. Kila kitu kinakuwa plazima, yaani gesi ya moto ambayo atomu zake zimevunjika kuwa ayoni na elektroni.

Silinda hiyo hutengenezwa kwa nyaya. Naomba utulie hapa kidogo, kwa sababu siri ya mafanikio ilikuwa hapa. Chukua waya wa tangsteni wenye kipenyo cha mikromita 7.5, mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi. Pumzi ndogo au mkono mzito unatosha kuukata. Fundi huusimamisha kati ya elektrodi mbili, huku ukivutwa na kijiwe kidogo ili unyooke, kisha anaweka wa pili, wa tatu, hadi ngome nzima ya nyaya 240 au 300 ikamilike kwenye duara moja. Urefu wa ngome ni sentimita 1 au 2. Nyaya 240 za namna hiyo, zenye urefu wa sentimita 2, zina uzito wa miligramu 4 tu. Ampea milioni 20 zinaelekezwa kwenye miligramu nne.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa miaka mingi watafiti walitumia nyaya chache, na eksirei zilitoka hafifu na kwa muda mrefu. Kisha kwenye mashine nyingine ya Sandia iitwayo Saturn, kundi la Thomas Sanford lilipanga majaribio ya alumini ambayo idadi ya nyaya iliongezwa hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Nafasi kati ya waya na waya ilipopungua, nguvu ya eksirei ilipanda polepole mwanzoni, kisha ikapaa. Maelezo yao ni kwamba nyaya chache huanguka katikati kila mmoja kivyake, na nyaya nyingi zilizokaribiana huungana kuwa ganda moja la plazima linaloanguka kwa mpangilio. Saturn ina nguvu ya umeme ya terawati 20, na walipata eksirei za terawati 40.

Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Nguvu iliyotoka ni mara mbili ya nguvu iliyoingia! Hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo, na hakuna sheria ya fizikia iliyovunjwa. Kwa nanosekunde 100 uga wa sumaku husukuma plazima, na nishati hujilimbikiza kama mwendo. Plazima hukimbia kuelekea mhimili kwa kilomita mamia kadhaa kwa sekunde. Ikifika katikati haina pa kwenda, inajigonga yenyewe, na mwendo wote unageuka joto kwa nanosekunde chache. Tangsteni ina elektroni 74, na ikipata joto kiasi hicho huwa na maelfu ya njia za kutoa mwanga, kwa hiyo joto halikai: linamwagika nje kama eksirei. Plazima imekuwa hatua ya mwisho ya kufupisha muda, baada ya Marx, maji na swichi. Kwenye Z, umeme wa terawati 50 hivi ulizaa eksirei za terawati 200 kwa ngome moja, na 280 kwa ngome mbili, moja ikiwa ndani ya nyingine.

Nisikufiche kwamba picha hiyo ya ganda safi linaloanguka ina kasoro. Kundi la Imperial College London, likitumia mashine yao ya MAGPIE yenye ampea milioni 1.4, lilionyesha kwamba nyaya haziyeyuki zote kwa mara moja. Kila waya hubaki na kiini baridi kwa sehemu kubwa ya muda, na ngozi yake inachubuka na kutiririka kuelekea katikati kabla ya anguko kuu. Baadhi ya mada huachwa nyuma. Juu ya hayo kuna msukosuko wa Rayleigh na Taylor: uga wa sumaku ni mwepesi, unasukuma plazima nzito, na uso wa ganda hupata mawimbi yanayokua na kukua hadi mbano unaofika katikati unakuwa na mafundo na viuno badala ya kuwa mstari ulionyooka. Nguvu ya eksirei inategemea sana jinsi mafundo hayo yalivyodhibitiwa.

Kuna jambo jingine ambalo naliona la kusisimua kuliko yote katika uwanja huu. Kokotoa kazi inayofanywa na uga wa sumaku: ni μ₀ gawanya kwa 4π, mara mkondo mraba, mara urefu, mara logi asilia ya uwiano wa nusukipenyo cha mwanzo na cha mwisho. Kwa ampea milioni 20, urefu wa sentimita 2 na ufinyo wa mara kumi, utapata megajouli 1.8. Lakini mkondo huanza sifuri na hupanda njiani, kwa hiyo nishati halisi ya mwendo iko chini sana ya hapo. Na bado eksirei zilizopimwa zilikuwa megajouli 1.8. Kuna nishati inayoingia baada ya plazima kugonga, kutoka kwenye uga wa sumaku unaoendelea kuifinya na kuikoroga. Namna inavyoingia imejadiliwa kwa miaka mingi. Sasa unaona kwa nini usahihi wa vipimo si suala la karani: kipimo kikikosea kwa theluthi, fumbo zima linaweza kutoweka au kuongezeka.

Haya, tuje kwenye vyombo.

Kwanza ujue unapima nini. Tuseme mbano una nusukipenyo cha milimita 1 na urefu wa sentimita 2, na unatoa terawati 280 kutoka kwenye ngozi yake. Tumia sheria ya Stefan na Boltzmann, inayounganisha jotoridi la kitu na nguvu ya mwanga kinaoutoa, utapata jotoridi la elektronivolti 210 hivi, yaani kelvini milioni mbili na nusu. Kwa jotoridi hilo fotoni nyingi, yaani chembe za mwanga, zina elektronivolti mia chache hadi elfu moja na kitu. Hizi ni eksirei laini, tofauti na zile za hospitali zenye makumi ya maelfu. Hazipenyi mwili, hazipenyi hata sentimita chache za hewa, na karatasi ya chuma ya unene wa mikromita moja inazinywa. Hilo ni tatizo, kwa kuwa lazima njia yote kutoka kwenye mbano hadi kwenye chombo iwe ombwe. Ni neema pia, kwa kuwa ukitaka kukamata nishati yote, utando mwembamba unatosha.

Utando huo ndio bolomita. Ni ukanda wa nikeli wa unene wa mikromita 1, umefungwa waya nne: mbili za kupitisha mkondo unaojulikana, mbili za kusoma volti. Eksirei zikiupiga unapata joto, ukinzani unapanda, volti inapanda. Basi. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mtu mwingine akuambie kila kipimo kinamaanisha nini: unajua uzito wa nikeli, unajua joto lake mahususi, unajua ukinzani wake unavyobadilika na jotoridi. Kutoka hapo unafika kwenye jouli moja kwa moja.

Tufanye hesabu yake, kwa sababu inajibu pia hofu yako ya chombo kuungua. Weka bolomita mita 24 kutoka kwenye mbano, na gawanya megajouli 1.8 kwa eneo la tufe lenye nusukipenyo hicho. Kila sentimita ya mraba inapata milijouli 25. Nikeli ya mikromita 1 ina gramu 0.00089 kwa sentimita ya mraba, na joto mahususi la jouli 0.44 kwa gramu kwa nyuzi. Utando utapanda nyuzi 63 hivi, na ukinzani wake utaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ishara kubwa, rahisi kusomeka, na utando hauko hata karibu na kuyeyuka. Umbali ndio kinga ya kwanza. Muda ndio kinga ya pili: eksirei hufika mita 24 kwa nanosekunde 80, ilhali vipande vya chuma vinavyoruka kutoka kwenye mlipuko, hata vikienda kilomita 10 kwa sekunde, huchukua zaidi ya milisekunde mbili. Kipimo kinakuwa kimeshaandikwa muda mrefu kabla uchafu haujafika, na vali za kufunga haraka hujitahidi kuuzuia njiani.

Sasa udhaifu wake. Bolomita inajumlisha. Inakuambia nishati iliyofika hadi sasa, na ukitaka nguvu lazima utafute mteremko wa mchoro. Kila aliyewahi kufanya hivyo kwenye data halisi anajua kinachotokea: kelele ndogo kwenye mchoro huwa milima kwenye mteremko. Halafu kuna fotoni ngumu. Nikeli ya mikromita 1 hunywa karibu zote za kiloelektronivolti 1, lakini kwa kiloelektronivolti 3 nusu hivi hupita, na za 6 hupita karibu zote. Ukipima mbano wa nyaya za chuma cha pua unaotoa mstari wa chuma karibu na kiloelektronivolti 6.7, bolomita hiyo haitauona.

Kwa umbo la wakati tunatumia dayodi ya eksirei. Ni sahani ya kaboni ndani ya ombwe na wavu mbele yake wenye volti. Fotoni inagonga kaboni, elektroni inang'olewa, wavu unaivuta, mkondo unasomwa. Inajibu kwa chini ya nanosekunde moja, na mbele yake huwekwa utando wa plastiki wa mikromita 5 kuzuia mwanga wa urujuanimno. Chombo kizuri sana kwa wakati, kigumu kwa ukubwa: usikivu wa kaboni hutofautiana fotoni kwa fotoni, na hubadilika uso unapochafuka kwa matumizi. Lazima irudishwe kwenye sinkrotroni, mashine inayotoa eksirei za ukubwa unaojulikana, kila baada ya muda ili isomwe upya.

Kwa hiyo tunafunga ndoa. Chukua umbo kutoka kwenye dayodi, tafuta eneo chini yake, lipanue mpaka eneo hilo lilingane na jouli za bolomita. Kilele cha mchoro uliopanuliwa ndicho terawati zako. Na sasa unaona kosa linavyoweza kuingia. Spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati zake, ya mwanzo wa mapigo ni laini kuliko ya kileleni, na dayodi haisikii zote sawa, kwa hiyo umbo lenyewe linaweza kupinda. Angalia pia jambo hili: terawati 280 mara nanosekunde 4, ambao ndio upana wa mapigo kwenye nusu ya kilele, ni megajouli 1.1 tu. Zilizobaki hadi 1.8 zilitoka kwenye miguu ya mchoro, kabla na baada ya kilele. Ukikata miguu hiyo mapema ukidhani ni kelele, jumla unayoilinganisha na bolomita itakuwa pungufu, na kilele chako kitavimba bila sababu.

Kosa jingine linahusu jiometri, na wanafunzi wengi hulifanya bila kujua. Hapo juu niligawanya kwa tufe zima, kana kwamba mbano unamwaga mwanga sawa pande zote. Ngozi ya plazima isiyopenyeka haifanyi hivyo. Kwa silinda ndefu yenye ngozi ya namna hiyo, anayetazama kutoka ubavuni hupata zaidi ya wastani kwa uwiano wa 4 gawanya kwa π, yaani asilimia 27 zaidi. Ukipuuza hilo umeongeza robo ya nishati kutoka hewani. Plazima inayopenyeka, kama ile inayotoa mistari michache ya fotoni ngumu, hiyo unaweza kuihesabu kama ya tufe. Lazima ujue unatazama ipi, na pia lazima utoe sehemu iliyofichwa na kopo la chuma linalorudisha mkondo, ambalo hukatwa madirisha lakini haliondoki lote.

Kwa fotoni za zaidi ya kiloelektronivolti moja, napenda almasi kuliko kitu kingine chochote. Kipande kidogo cha almasi, cha milimita chache, chenye volti mia chache pembeni. Pengo lake la nishati, yaani kiasi kinachohitajika kuiachia elektroni itembee, ni elektronivolti 5.5, kwa hiyo mwanga wa kawaida hauisumbui kabisa. Fotoni ya eksirei inayonywewa humo hutoa jozi moja ya elektroni na tundu kwa kila elektronivolti 13 hivi, na hali hiyo haibadiliki sana kutoka fotoni ndogo hadi kubwa. Usikivu ulionyooka namna hiyo ni tunu. Dayodi ya silikoni inasikia zaidi, elektronivolti 3.6 kwa jozi, lakini kwa mwanga mkali wa namna hii hulemewa upesi, na mchoro uliolemewa hudanganya vizuri: kilele kinakuwa bapa na mkia unarefuka, na asiyejua huona mapigo mazuri mapana.

Adui mkubwa wa vyombo vyote hivi ni umeme wenyewe. Mkondo wa mamilioni ya ampea unapobadilika kwa nanosekunde, kila kebo ndani ya jengo huwa antena. Elektroni zinazovuja kwenye njia za umeme hugonga chuma na kutoa eksirei ngumu kutoka mahali ambapo si mbano kabisa. Kwa hiyo kebo hupitishwa ndani ya mabomba ya shaba, osiloskopu hufungiwa kwenye chumba kilichozibwa kwa chuma, na muhimu kuliko vyote, pembeni ya kila chombo huwekwa pacha wake kipofu: bolomita ile ile, waya zile zile, lakini eksirei laini zimezibwa. Chochote anachokiona kipofu si eksirei laini. Mimi huanza na mchoro wa kipofu kabla ya kutazama ule wenye habari, na ripoti isiyo na mchoro huo huisoma kwa tahadhari.

Nguvu peke yake haikuelezi plazima ikoje ndani. Kwa hilo kuna spektromita, chombo kinachotenganisha eksirei kwa nishati zake. Fuwele ya KAP, aina ya chumvi ya potasiamu ambayo 2d yake, yaani mara mbili ya nafasi kati ya tabaka zake za atomu, ni angstromu 26.6, hutawanya mistari ya alumini kwa sheria ya Bragg: mstari wa atomu iliyobakiwa na elektroni mbili, wa kiloelektronivolti 1.60, hutoka kwenye nyuzi 16.9, na ule wa iliyobakiwa na moja, wa 1.73, kwenye nyuzi 15.6. Uwiano wa mistari hiyo miwili unakupa jotoridi la elektroni. Upana wa mstari unakupa kasi za ayoni, na hapo kuna mtego. Mwaka 2006 Malcolm Haines na wenzake walichapisha upana wa mistari ya chuma cha pua kwenye Z uliolingana na zaidi ya kelvini bilioni 2, na wakaeleza kwamba msukosuko wa mbano huzipasha ayoni joto. Miaka michache baadaye kundi la Taasisi ya Weizmann, likipima mbano wa neoni kwa uangalifu mkubwa, lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya upana inaweza kuwa mwendo wa mabonge ya plazima yanayokimbia huku na huku, na joto lenyewe la ayoni kuwa dogo zaidi. Mstari mpana unakuambia kuna kasi nyingi, haukuambii kama kasi hizo zimepangika au la. Kwa maoni yangu, yeyote anayenukuu jotoridi la ayoni la mbano bila kutaja hilo anastahili kuulizwa.

Vipimo hivi vina faida nje ya mbano pia. Eksirei za Z zilitumika kupasha chuma hadi kelvini zaidi ya milioni 2 na kupima kinavyozuia mwanga, katika hali inayokaribia ile ya ndani ya Jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha chuma kinazuia kwa asilimia 30 hadi 400 zaidi ya nadharia, kutegemea urefu wa wimbi.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako huhitaji Z. Kuna mbano wa X, uliotoka Moscow katika Taasisi ya Lebedev mwanzoni mwa miaka ya 1980: nyaya mbili zilizopishana kama herufi hiyo, na pale zinapogusana hutokea nukta ya eksirei ya mikromita chache inayowaka kwa chini ya nanosekunde moja, nzuri sana kwa kupiga picha vitu vidogo. Kuna pia fokasi ya plazima, mashine ndogo inayobana plazima ya gesi kwenye ncha ya elektrodi. Sing Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Malaya walibuni katika miaka ya 1980 mashine ya UNU/ICTP kwa ajili ya vyuo vya nchi zinazoendelea: kapasita moja ya mikrofaradi 30 kwa kilovolti 15, kilojouli 3.4. Ukiijaza neoni hutoa mistari ya elektronivolti 922 na 1,022, na dayodi ya silikoni yenye kichujio sahihi inatosha kuiona. Kapasita hiyo inaua, hata dakika nyingi baada ya kuzimwa, kwa hiyo hakuna kuigusa kabla haijaunganishwa ardhini kwa fimbo yake.

Katika mashine ndogo, elektroni zinazogonga elektrodi ya shaba hutoa mstari wa kiloelektronivolti 8.05 unaochanganyika na mwanga wa plazima. Zitenganishe kwa vichujio pacha: dayodi mbili zinazofanana, moja nyuma ya kobalti, nyingine nyuma ya nikeli. Kobalti huanza kunywa kwa nguvu kwenye kiloelektronivolti 7.71, nikeli kwenye 8.33, na unene wao ukichaguliwa vizuri hulingana kila mahali isipokuwa katikati ya namba hizo. Toa mchoro mmoja kutoka kwenye mwingine, kinachobaki ni shaba. Anza na pigo moja dayodi zote mbili zikiwa zimezibwa kwa bamba la madini ya risasi, uone kebo zako zinaokota nini kabla ya kuamini chochote kinachofuata.